Mwalimu Soli na Swali la Mtu Aliyechoka

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka Mwalimu Soli. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na moja. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Mwalimu Soli, fundi viatu, aliyefundisha imani kwa watu wazima ukumbini parokiani, ametutoka Jumanne.

Jina la Soli alipewa na wateja wake, naye akalipenda kuliko la ubatizo. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi saa tisa alasiri, alifunga kibanda, akanawa mikono yenye gundi isiyotoka, akaenda ukumbini. Huko walizungumza mambo ya siku hizi. Mkatoliki afanye nini mgonjwa wake akiwekwa kwenye mashine ya kupumulia? Mume akiifunga simu yake kwa namba ya siri, mke ana haki gani? Mzee mmoja alilalamika kwamba hakuja kanisani kusikia habari za simu. Mwalimu akamwambia, "Mzee wangu, shetani naye ana simu, na haiishiwi chaji." Mzee akakaa. Hakukosa tena Jumamosi hata moja.

Maswali yaliwekwa kwenye boksi la viatu lililotobolewa tundu. Lilikaa mlangoni pa kanisa wiki nzima. Hakuna aliyeandika jina. Lakini parokia ni ndogo, na watu wanajuana miandiko. Kwa hiyo Mwalimu alimpa kazi binti wa dada ya mkewe, aliyehamia kwao alipomaliza shule ya msingi. Kazi ya binti ilikuwa kuyanakili maswali yote kwa mkono wake, kisha kuzichoma karatasi za mwanzo jikoni.

Mwalimu alimwambia kwamba anachokisoma kiishie kwake. Binti akaitika, na akashika neno.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, twende nyumbani kwa Mwalimu. Mama yake mzazi alikuwa akiishi naye. Bibi yule alikuwa amepoteza kumbukumbu. Aliyemwosha ni mke wa Mwalimu. Aliyemlisha, aliyefua mashuka yake, aliyemfuata barabarani alipotoroka, ni huyo huyo. Bibi alimwita mwizi wa miwani, na miwani imo usoni mwake. Mwalimu asubuhi yuko kibandani, Jumamosi yuko ukumbini, Jumapili anatembelea wagonjwa wa watu. Mkewe hakupata nafasi ya kuhudhuria mafundisho hata siku moja.

Ijumaa moja binti akafungua karatasi, akaujua mwandiko. Ulikuwa umelalia kushoto, kama ule wa karatasi anayopewa kila akitumwa sokoni. Ni wa mama yake mdogo, mke wa Mwalimu. "Je, ni dhambi kumchoka mgonjwa wako?"

Akanakili. Akachoma.

Mwalimu alilijibu kwa ufasaha. Alisema upendo wa kweli hauchoki, na anayechoka azidishe sala. Ukumbi mzima ukatikisa vichwa kukubali. Binti aliporudi alimkuta mama mdogo anakamua shuka. Mama mdogo akauliza, kama mtu asiye na haja, leo wamejibiwa nini huko. Binti akamweleza. Mama mdogo akaendelea kulikamua lile shuka, na maji yalikuwa yameshakwisha.

Wiki mbili baadaye swali likarudi. Binti akanakili tena, akachoma tena. Safari hii Mwalimu aliuliza kama huyu mwenzao haelewi Kiswahili, na watu wakacheka. Binti hakucheka.

Mara ya tatu karatasi ilikuwa ndefu zaidi. "Je, ni dhambi kumchoka mgonjwa wako? Nimeshasali. Bado nimechoka. Naogopa nitampiga."

Binti alikaa na kalamu mpaka uji ukaungua. Ameniambia aliona njia mbili tu. Akinakili, mama mdogo atapata hotuba ya tatu. Asiponakili, karatasi ikaenda kama ilivyo, atakuwa ametoa siri ya mtu anayemlea. Akaikunja ile karatasi, akaiweka katikati ya nyingine. Hivyo hivyo, na mwandiko wake.

Jumamosi Mwalimu akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye "naogopa" akautazama vizuri ule mwandiko. Akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akawaambia watu arobaini waliokuwa mbele yake, "Hili nimelijibu vibaya mara mbili. Leo naomba niende nyumbani."

Akatoka. Binti akamfuata mbio.

Walimkuta mke anafuta uji ukutani. Mwalimu akampokea kitambaa mkononi, akamwambia akalale.

"Utamwosha wewe?" mke akauliza.

"Nifundishe."

Akamfundisha. Aanze na miguu, kwa sababu mama anaogopa maji ya kichwani.

Jioni ile Mwalimu alimwita binti uani. Hakumfokea. Alimwambia tu kwamba siku nyingine amwombe mwenye siri kwanza. Mama mdogo ndiye aliyenuna. Wiki nzima hakumsemesha ila kumwomba chumvi. Halafu asubuhi moja akamwambia, "Ungenakili, ningekuwa nangoja jibu mpaka leo."

Jumamosi tatu hakukuwa na mafundisho. Ya nne Mwalimu alisimama, mkewe yuko kiti cha mbele kwa mara ya kwanza, naye mwenyewe ameruhusu lisemwe. Akatoa jibu. "Kuchoka si dhambi. Dhambi ni yangu mimi, niliyemwacha achoke peke yake."

Tangu siku hiyo wanafunzi wake walipangiwa zamu za kukaa na wagonjwa, ili wanaowauguza wapate kutoka. Ukumbi ukabaki nusu. Paroko alipouliza wanafunzi wamekwenda wapi, Mwalimu alimjibu kwamba wako darasani.

Bibi alifariki miaka miwili baadaye. Mwaka jana Mwalimu mwenyewe akapooza upande mmoja. Mkewe akamuuguza, akipokezana na binti na watu wa zamu. Kila siku Mwalimu alimwuliza kama amechoka, na kila siku alitaka ukweli.

Jumanne mchana alimwuliza tena. Mjane ameniambia hivi, nami nayasema kama alivyoyasema: "Nilimjibu nimechoka. Akaniambia nenda kalale. Nikaenda. Nilipoamka, ameshaondoka. Watu wananiuliza kwa nini sikukaa."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa mjane, kwa binti aliyenakili maswali yetu, kwa wanaparokia na kwa wateja ambao viatu vyao bado viko kibandani. Mungu ampokee Mwalimu wetu. Nasi tutafakari, kila mmoja nyumbani kwake: nani humu ndani amechoka, na hajaulizwa?

Mazishi ni kesho saa nane. Mkifika kutoa pole, msimwulize mjane alikuwa wapi. Alikuwa amelala. Mumewe ndiye aliyemtuma.