Dubu wa Kwanza, Mbweha wa Kumi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu mgumu, na tunawaambia mapema ili asiyetaka abadilishe stesheni. Mtu huyu hakuwa mpole. Alikuwa na mdomo mchafu, kichwa kigumu na roho ya visasi. Amefariki Jumanne asubuhi akiwa na miaka sitini na tisa, amesimama mlangoni mwa ukumbi wake wa video, ufagio mkononi. Ni moyo, wamesema madaktari. Binti yake anasema hata ufagio hakuuachia, ilibidi wamfumbue vidole.

Jina lake mnalijua. Tarumbeta. Ukumbi wake mnaujua pia. Mabenchi kumi na manne, televisheni ndani ya kizimba cha chuma, na ukutani ubao mweusi wenye orodha ya filamu kumi bora za katuni. Orodha ile aliipanga yeye, kwa chaki yake, na hakumwuliza mtu.

Namba moja, Dubu Mpiga Tarumbeta. Namba kumi, Mbweha na Taa. Shikeni hapo, wasikilizaji. Dubu wa kwanza, Mbweha wa kumi. Ugomvi wote wa leo uko hapo.

Na mgomvi wake yupo hai. Ni mdogo wake wa kike, yule ambaye nusu ya mji mnamwita Shangazi ingawa hamna undugu naye. Kwa miaka mingi alikaa dirishani pale zahanati akiita majina ya wagonjwa. Tulipompigia simu aje atupe machache kuhusu kaka yake, alivuta pumzi, kisha akasema, "Nitakuja. Lakini sisemi uongo kwa sababu mtu kafa."

Tukamwambia karibu. Alikuja na mkoba wake, akakaa wima, akakataa chai. Mengi mtakayosikia ni yake.

Zamani, wasikilizaji, katuni zilikuja kwenye kanda, na zilisema lugha ambayo hakuna aliyeijua mtaani. Tarumbeta naye hakuijua. Hilo halikumsumbua hata chembe. Alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akatazama midomo ya wanyama, akawatungia maneno. Dubu alimsemea kwa sauti nzito, na tarumbeta aliipiga kwa mdomo wake mwenyewe, mashavu yamevimba. Watoto walilipuka kwa kicheko. Jina likamganda siku hiyohiyo.

Mdogo wake alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikaa kiti cha pili, kipaza sauti cha pili. Sauti za wanawake wote zilikuwa zake, na za watoto, na za ndege. Kaka alimwita "we mtoto" mbele za watu. "We mtoto, huyo bata ana mafua, mbona unamsemea kama malkia?" Na yeye alijibu hapohapo, kipaza sauti kikiwa wazi, "Bata wangu niachie mwenyewe, wewe hangaika na dubu wako mlevi." Watoto walilipa kuona katuni na wakapewa ugomvi wa bure.

Kisha ikaja kanda ya Mbweha na Taa.

Sikilizeni vizuri hapa. Katika filamu ile, sungura wanaishi kwenye nyumba ndogo msituni, nao wana taa moja tu. Mbweha anakuja, anaichukua taa, anaondoka nayo taratibu kati ya miti. Anafika mbali, anageuka, anatazama nyuma. Basi. Hapo mashine iliitafuna kanda. Dakika nane za mwisho zilitoka zimekunjamana, hazikufaa kitu. Kwa hiyo hakuna mtu ukumbini aliyejua mbweha aliipeleka wapi ile taa.

Ukumbi umejaa. Skrini ni chenga tupu. Watoto wanapiga kelele, wengine wameanza kulia. Ndipo yule dada akashika kipaza sauti na kusema polepole, kwa sauti ya mbweha, "Usiogope, mtoto wa sungura. Najua umepotea. Nimekuletea taa ya kwenu." Kelele zikakatika. Kisha mabenchi yote kumi na manne yakapiga makofi.

Tarumbeta akafura. Mbweha alikuwa wake, yeye ndiye aliyekuwa akimsemea tangu mwanzo. Akapayuka, "Mwizi! Huyu ni mwizi! Msidanganywe, ameiba taa ya watu!" Mdogo wake naye, "Si mwizi huyu! Hukuona alivyogeuka? Mwizi anageuka hivyo?" Kaka akainama, akachomoa waya wa kipaza sauti cha dada yake. Akauchomoa mbele ya ukumbi mzima, huku midomo ya dada ikiendelea kutembea bila sauti.

"Nilijiona kama mmoja wa wale wanyama wake," Shangazi ametuambia. "Midomo inacheza, na mtu mwingine ndiye anayeamua umesema nini."

Hawakufanya kazi pamoja tena. Miaka thelathini na moja, wasikilizaji. Thelathini na moja.

Wiki iliyofuata ubao ukapanda ukutani. Mbweha na Taa ikawekwa namba kumi, chini kabisa, kwa herufi ndogo kuliko zote. Jumamosi saa nane mchana Shangazi akaingia, akafuta, akaandika Mbweha juu. Kaka akafuta, akamrudisha chini. Jumamosi iliyofuata vilevile. Na iliyofuata. Alipoolewa alikuja, alipofiwa na mume alikuja. Siku za mvua alikuja na kofia ya plastiki kichwani. Hawakusalimiana. Waliingia moja kwa moja kwenye matusi.

"Dubu wako hana hadithi, anapuliza tu!"

"Na mbweha wako hana mwisho!"

"Mwisho ulikuwepo, uliuchomoa wewe!"

Mji ukagawanyika. Tarumbeta aliweka sheria mlangoni, kila mtoto ataje filamu zake tatu kabla ya kuingia. Ukimtaja Mbweha unapelekwa benchi la mwisho, nyuma ya nguzo. Mtangazaji wenu alimtaja akiwa na miaka tisa. Aliitazama nguzo ile mwaka mzima, na hajamsamehe marehemu mpaka leo.

Hata binti yake hakupona. Mchumba wake, fundi bomba, kijana mwenye heshima zake, alikuja kujitambulisha na wazee wake wawili. Baba mtu akawaacha wamalize salamu, kisha akauliza, "Katuni yako namba moja ni ipi?" Kijana wa watu akajibu kwa uaminifu kwamba yeye anapenda Bata wa Mnarani. Tarumbeta akageuka, akamtazama binti yake. "Namba sita," akasema. "Umeniletea namba sita." Akaingia ndani, hakutoka tena. Ndoa ilifungwa, lakini mkwe aliitwa Namba Sita mpaka Jumatatu iliyopita.

"Watu wanacheka wakisikia hilo," binti ametuambia. "Mimi sikucheka. Nililia siku tatu. Baba alikuwa na uwezo wa kukuumiza kwa kitu kidogo kabisa, halafu akala chakula chake vizuri."

Hayo ni maneno ya binti yake wa pekee. Tumeahidi kutosema uongo.

Sasa tufike Alhamisi, siku ya mazishi. Watu walitoka makaburini wakaja ukumbini, maana nyumba ni ndogo. Shangazi alikuja wa mwisho, viatu vina udongo. Hakuwa amelia. Alituambia mwenyewe kwamba njia nzima alikuwa akipanga atakachosema akipewa nafasi. Sentensi moja tu. Kwamba mbweha hakuwa mwizi. Alitaka kuisema mara moja mbele ya ukumbi mzima bila mtu kumchomolea waya. Hilo tu ndilo alilokuwa akilidai kwa kaka yake miaka yote, na kaka amekufa bila kumpa.

Akaingia, akatazama ukutani. Ubao umebadilishwa. Namba moja, Mbweha na Taa, kwa herufi kubwa. Dubu yuko wa pili.

"Nani ameshika ubao?" akauliza.

Kinyozi wa jirani akasimama, koti jeusi, uso wa huruma. "Ni sisi, Shangazi. Tumeona sasa mambo yaishe. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi siku zote."

"Kweli kabisa," wakaitikia watu. "Kweli, Shangazi."

"Sahihi kwa sababu gani?"

Kinyozi akababaika. "Si... ni filamu nzuri tu. Ina mafunzo."

"Umeiona?"

Kinyozi akatazama viatu vyake. Hajaiona, wasikilizaji. Ana miaka ishirini na sita, atakuwa ameiona wapi? Na walioitikia nusu yao walikuwa upande wa Dubu tangu utotoni. Walimpa ushindi kama mtu anavyompa mtoto pipi ili anyamaze. Shangazi akawaka. "Nani amewaomba? Miaka thelathini na moja nabishana na mwanaume mwenye sababu zake, leo mnanipa ya kwanza kwa huruma? Namba moja ya msiba?"

Ndipo mjane akanyanyuka. Mjane huyu, wasikilizaji, hakuwahi kumpenda wifi yake, na wifi hakuwahi kumpenda yeye. Alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi.

"Mbweha ni mwizi, wifi," akasema.

Akamkazia macho, akaendelea.

"Miaka sita iliyopita Namba Sita alimletea filamu nzima kwenye diski. Ina maandishi chini, yanasomeka. Tuliitazama chumbani, mlango umefungwa. Mbweha anaipeleka taa kwa bundi, anaiuza kwa kapu la mayai, anakula mayai, filamu inaisha. Mwizi. Kaka yako alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza."

"Na mtoto wa sungura?" Shangazi akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Hakuna mtoto wa sungura. Hakuwahi kupotea mtoto yeyote. Ulimtunga wewe."

Shangazi akatafuta benchi kwa mkono, akakaa. "Miaka sita anajua," akasema. "Mbona hakuniambia? Yule mtu? Angenipigia simu usiku huohuo anicheke."

"Nilimwuliza," mjane akajibu, na sasa alikuwa analia kwa hasira. "Nikamwambia, mwite wifi aone, ugomvi uishe, nami nipate Jumamosi moja na mume wangu. Unajua alinijibuje? 'Nikimwambia, Jumamosi atakuja kufanya nini?' Akaificha diski chini ya godoro. Mimi ndiye niliyelala juu yake miaka sita, wifi. Mimi. Na Jumamosi zilikuwa zenu."

Binti ametuambia alitamani sakafu ifunguke.

Shangazi akainuka, akachukua kifutio, akafuta ubao wote mpaka ukabaki mweusi. Akachukua chaki. Namba moja akaandika Dubu Mpiga Tarumbeta. Akashuka moja moja, Bata wa Mnarani mahali pake pa sita, mpaka chini kabisa. Namba kumi, Mbweha na Taa, kwa herufi ndogo, kama alivyokuwa akiandika kaka yake. Akageuka, mgongo ubaoni, kidevu juu.

"Haya," akasema.

Watu wakamtazama.

"Haya! Hakuna wa kubisha?"

Kinyozi, Mungu ambariki, akasema kwa upole, "Hata hivyo ni sawa, Shangazi. Vyovyote ni sawa tu."

Kifutio kikaruka, kikampiga kifuani, kikaacha alama nyeupe kwenye lile koti jeusi. Na hapo ndipo Shangazi alipolia. Alilia kwa kelele, ameshika ukingo wa ubao. Mjane alimwendea, akasimama karibu naye. Hakumkumbatia. Alisimama tu, na kwa wale wawili hilo ni kubwa.

Wasikilizaji wapendwa, kituo chetu kinatoa pole kwa mjane. Kinatoa pole kwa binti, na kwa fundi bomba ambaye tunaomba kuanzia leo aitwe kwa jina lake. Kinatoa pole kwa Shangazi, ambaye amesema pole zetu tukae nazo.

Nanyi mlioko majumbani, hebu mtafakari jambo moja. Kuna mtu anayekukera. Anakubishia kila neno, na ukimwona anakuja unasema, huyu tena. Mtazame vizuri wiki hii. Hatusemi umsamehe. Tarumbeta hakumsamehe mtu, na wapo ambao hawatamsamehe, nao wana haki yao. Jiulize tu kama siku akiacha kuja utafurahi kweli.

Mtangazaji wenu alikuwa kwenye ukumbi ule siku kanda ilipotafunwa. Benchi la tatu. Alimsikia mbweha akisema "usiogope," akarudi nyumbani akalala vizuri, na tangu siku hiyo ameamini kwamba yule mtoto wa sungura alipatikana. Sasa ameambiwa hakuwepo. Amelifikiria jambo hilo siku tatu, na jibu lake ni hili.

Shangazi, kama unasikiliza, umekosea. Dubu hana hadithi, anapuliza tu. Mbweha ni wa kwanza, mayai au bila mayai, na sababu ninazo. Jumamosi saa nane mchana nitakuwa mlangoni. Shika chaki yako vizuri.