Dumu Tupu la Kila Asubuhi

Ndugu zangu, sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya kile kipira cha kupimia presha. Fyu, fyu, fyu, mkono unabanwa, halafu fsss, upepo unatoka taratibu. Kisha nesi ananyamaza. Nesi akinyamaza, jueni si pazuri.

Ilikuwa 2013, nimeolewa kijijini Murungu, nina miaka ishirini na mbili. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepoteza mtoto wa miezi saba tumboni kwa sababu ya hiyo hiyo presha. Mbeleko nilishamwandalia, ya njano, yenye picha za vifaranga. Msinicheke, mimi mtu wa ndoto, hata jina nilishampa. Daktari akasema presha isiposhuka nisibebe mimba nyingine. Nikapewa vidonge, nikaambiwa na mazoezi nifanye.

Mazoezi! Nilichukia. Mtu analima toka alfajiri, mazoezi gani tena? Nesi, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka Mtwara, akachukua kitambaa chenye maji akakikamua mbele yangu.

"Ona. Ukishtuka au ukiwa na mawazo, mwili unamwaga homoni. Mishipa ikizipata inajikaza hivi, damu inapita kwa shida. Ukitembea haraka siku nyingi, mishipa inazoea. Homoni zikija, haijikazi kama mwanzo."

"Na jembe je?"

"Jembe unalima huku unapiga soga. Mimi nataka utembee mpaka ushindwe kuimba."

Sasa kwetu mnakujua. Mwanamke akipita mbiombio mikono mitupu, kila mlango unauliza, "Kuna msiba wapi?" Siku ya pili mama wawili walinifuata, kanga wameshajifunga kabisa! Basi nikaanza kubeba dumu tupu kichwani, nionekane naenda maji. Mama mkwe naye akaona.

"Huyu kila siku kisimani, na mtungi wangu haujai!"

Ndugu zangu, nawaambia, miezi miwili nilipima na namba haikusogea. Nilikereka mpaka nikataka kutupa dumu mtoni. Siku ya kliniki nikapata akili yangu mwenyewe: nikakimbia toka nyumbani mpaka kituo cha afya ili presha ishuke njiani. Nikaingia nahema, nikamnyooshea nesi mkono.

"We binti, umefukuzwa na nyuki?"

Ikawa juu kuliko siku zote. Nililia mbele ya foleni nzima, tena kwa hasira. Nesi akanikalisha mpaka nikatulia, ndipo akapima tena.

"Ukikimbia inapanda, ukipumzika inarudi. Kinachoishusha ni siku nyingi, sio mbio za leo. Haya niambie ukweli, unatembea siku ngapi kwa wiki?"

Hapo nikashikwa. Barabarani kukiwa na watu, nilikuwa nachepuka kwa jirani, nakaa na dumu langu mpaka muda upite. Siku za kutembea kweli hazikuzidi mbili. Nilikuwa namdanganya nani?

Nilirudi nyumbani nikamkamulia mama mkwe kitambaa kama nilivyokamuliwa mimi, nikamweleza na sharti la daktari. Akainuka. Kisha akatafuta ndala zake.

"Kumbe ni kwa ajili ya mjukuu wangu? Tangulia basi, na anayetaka kuuliza aniulize mimi."

Kuanzia hapo, kila asubuhi tulitoka wawili, na vidonge sikuacha. Namba ilishuka kwa kujivuta, ikinichosha roho. Lakini siku moja ile fsss ilipita, nesi akanyamaza, halafu akacheka. Daktari naye akasema sasa tunaweza kujaribu, mradi kliniki nisikose.

Namshukuru nesi yule na mama mkwe wangu. Na wewe uliyekaa hapo unakereka na namba zako, usiidanganye miguu yako. Mishipa haidanganyiki.

Siku ile nesi alipocheka, baada ya kliniki, sikumwambia mtu. Nilikwenda kisimani peke yangu, na kwa mara ya kwanza dumu lile lilirudi limejaa. Nikatoa mbeleko ya njano sandukuni, nikaifua, nikaianika juani.