Siku Kavu ya Mzee Milimita

Benchi letu liko nje ya geti la nyuma la chuo, ubavuni mwa jengo la kompyuta, mahali ambapo mashine za kupoza hewa zinavuma mchana kutwa mpaka mtu anasahau kwamba zinavuma. Ukikaa pale asubuhi, mgongo umeuegemeza ukutani, ule mvumo unakupanda mbavuni taratibu, mvuke wa kahawa unakupita usoni, na maneno ya wenzako yanakufikia kama yanatoka chumba cha pili. Mwenye jiko ni Mama Birika. Profesa ni fundi viatu. Hajakanyaga darasa la chuo hata siku moja, ila viatu vya maprofesa wote vimepita mapajani mwake, naye husema elimu huanzia kwenye soli. Breki anaendesha basi la chuo, na jina hilo alipewa na abiria. Mimi nina kibanda cha kutoa nakala hapo pembeni, basi wananiita Nakala. Ijumaa hiyo tulikuwa sisi wanne, na tangazo jipya limebandikwa getini, alipotokea Mzee Milimita amevaa koti lake la maabara. Na mzee huyu alistaafu mwaka juzi.

– Shikamoo, mzee, – nikamwamkia. – Koti hilo vipi, wamekurudisha kazini?

– Marahaba, mwanangu. Nimelivaa ili wanitambue. Nimekwenda kwa watu wa kompyuta, nimekuta dirisha lao limepigiliwa ubao.

– Hukusoma tangazo? – Breki akauliza. – Dirisha la msaada limefungwa. Ukiwa na shida unajaza fomu mtandaoni. Mashine yao ya zamani, ile wanayoiita seva, inazimwa leo saa sita mchana. Kila kitu kinahamia kwenye wingu.

– Isipokuwa vitu vya wastaafu, – Milimita akasema. – Mstari wa mwisho. Vya wastaafu havihamishwi. Vinafutwa.

Akakaa. Mama Birika akammiminia kikombe bila kuulizwa. Sisi sote tulijua ana nini mle ndani. Kwa miaka ishirini na sita, kila siku saa tatu asubuhi, mzee huyu alikwenda nyuma ya maabara ya jiografia, akasoma chombo cha kupimia mvua, akaandika. Kwanza kwenye daftari, halafu kwenye kompyuta. Madaftari yaliloa yote mwaka ule paa la maabara lilipovuja. Mvua ilikula mvua. Kilichobaki ni cha kwenye kompyuta tu.

– Jaza fomu basi, mzee, – Breki akasema. – Saa nne na nusu hii.

– Nimejaribu. Ukiifungua inakwambia uingie kwanza kwa neno lako la siri.

– Na shida yako ni nini?

– Nimesahau neno la siri.

Breki akafikiri, kikombe kimesimama hewani.

– Kwa hiyo ili uwaambie kwamba huwezi kuingia, lazima uingie.

– Ndivyo.

– Hiyo ni sawa na mimi nikufungie nje ya basi, halafu nikwambie malalamiko yanapokelewa kiti cha nyuma.

– Nimepiga na simu. Kuna muziki. Muziki ukinyamaza, sauti inasema mimi ni mtu wa thelathini na saba kwenye foleni. Baada ya nusu saa ikasema mimi ni wa thelathini na tisa.

– Kikulacho ki nguoni mwako, – Profesa akasema, sindano mdomoni. – Umepekua mifuko? Neno la siri mtu huliweka mfukoni.

– Profesa, hiyo methali si ya mifuko, – nikamwambia.

– Nguo isiyo na mifuko umeiona wapi? Tena mzee asihangaike. Wahenga walishasema, aliye juu mngoje chini. Vitu vinakwenda winguni. Wewe kaa hapa hapa na kikombe chako, vitashuka.

– Wingu lenyewe si wingu, – Breki akasema. – Nilimbeba mgeni mmoja aliyeliona. Ni nyumba ndefu, iko nchi ya baridi, haina madirisha. Mashine zimelala safu kwa safu kama watoto wa bweni, na wafanyakazi wanatembea na soksi ili wasiziamshe.

– Soksi? – Mama Birika akauliza.

– Soksi za sufu.

– Acha zako, – Profesa akasema. – Kitu kikiitwa wingu ni wingu. Mnadhani kwa nini siku hizi mvua inanyesha ovyo ovyo? Mawingu yamejaa mizigo ya watu. Yamebeba matokeo ya mitihani, picha za harusi, barua za kuomba ruhusa. Maji yatakaa wapi?

Mama Birika akakoroga makaa.

– Nyinyi wote mmechemka. Vitu havijaenda popote. Vimo humu chini, chini ya hili benchi. Mimi asubuhi nikimwaga maji ya kusuuzia birika, huu mvumo unanyamaza kidogo. Kama mtu anayekunywa. Akimaliza, unarudi.

Tukanyamaza tuusikilize. Ulikuwepo, wa chini kabisa, na mimi naapa kwa muda fulani niliusikia ukimeza.

– Basi hapo mambo yamekamilika, – Profesa akasema, sasa sauti yake imekuwa laini kama ya mtu anayesinzia. – Mvua zilishuka, mzee akazihesabu moja moja, akazifungia. Leo saa sita wanazifungulia. Zitapanda zote. Na zikifika juu, jioni tutaloweshwa na mvua za miaka ishirini na sita kwa mpigo mmoja.

Tukacheka. Milimita hakucheka. Aliweka kikombe chini, akakiangalia.

– Mtu mwingine akistaafu anaonyesha nyumba aliyojenga, – akasema. – Mwalimu anaonyesha wanafunzi. Mimi mjukuu wangu ameniuliza, babu, ulifanya kazi gani? Nikamwambia nilipima mvua. Akasema, ziko wapi? Nilimwahidi nitamwonyesha.

Hata Profesa alitoa sindano mdomoni.

– Akaunti yako ilifunguliwa lini, baba?

Aliyeuliza alikuwa dada mmoja aliyesimama nyuma ya Breki na kikombe chake, kitambulisho kipya shingoni, laptopu kwapani. Tulikuwa tumemwona mara mbili tatu, tukadhani ni mwanafunzi mkubwa.

– Muda mrefu, binti. Kabla hata ya jengo hili kupakwa rangi.

– Mimi nipo kitengo cha kompyuta, wiki ya tatu sasa. Tumeambiwa kila mtu apitie kwenye fomu. – Akaangalia geti, akatuangalia. – Lakini akaunti za zamani zina mlango mwingine. Mtu ukisahau neno la siri, unaulizwa swali uliloliandika mwenyewe siku ya kwanza. Ukilijibu, unaingia. Ukurasa huo upo kwenye seva ya zamani. Saa sita nao unakufa. Una kitambulisho chako cha kazi?

Milimita alikitoa kwenye koti, kimechakaa kingo. Dada akakisoma pande zote mbili, akalinganisha picha na uso, akatikisa kichwa kukubali. Breki akampisha kwenye benchi. Akafungua laptopu mapajani, akaandika jina la mzee, akasubiri. Halafu akamgeuzia kioo.

– Jibu mwenyewe, baba. Mimi nitaangalia pembeni. Unaruhusiwa mara tatu.

Mzee akasoma. Nilikaa naye bega kwa bega, nikaona mkono wake ukisimama hewani. Kisha akaandika kwa kidole kimoja, polepole. Kioo kikakataa. Akafuta, akaandika tena. Kikakataa.

– Umeandika nini? – dada akauliza, bado anatazama pembeni.

– Tarehe. Kwanza kwa mikwaju, ile mistari ya mshazari, halafu kwa vistari. Tarehe ndiyo hiyo hiyo, siwezi kuisahau.

– Imebaki mara moja. Ikikataa, inajifunga. Ukitaka nikusaidie, itabidi nilione swali.

Mzee akatutazama mmoja mmoja. Mama Birika akageukia birika lake, Breki akageukia barabara, mimi nikajifanya naangalia kibanda changu.

– Geukeni tu huku, – Milimita akasema. – Mtu akifika umri huu anaficha nini? Lisome kwa sauti, binti.

Dada akasoma:

– "Siku gani uliandika uongo?"

Mvumo wa ukutani ukaonekana kuwa mkubwa zaidi.

– Niliweka swali ambalo hakuna mwingine angelijibu, – mzee akasema. – Ilikuwa siku moja tu. Mama yangu alikuja kunitembelea, safari ya siku mbili, na hakuwa mtu wa kusafiri. Usiku alilala, alfajiri mvua ikaanza. Nikaamka nivae niende. Akaniambia, kaa kwanza. Chumba kilikuwa kimoja, bati juu, yeye kitandani, mimi kwenye mkeka. Tukalala pale tunaisikiliza. Hakusema mengi. Mara aseme hii imepungua, mara aseme hapana, inarudi. Saa tatu ikapita. Nikawaza nitakwenda saa nne. Saa nne ikapita.

– Ukaenda lini? – Mama Birika akauliza, bado ametupa mgongo.

– Mchana. Nikakuta chombo kimepinduka, upepo au mbuzi, sijui. Maji yote yamemwagika. Ningeandika "haikupimwa". Kuna alama yake, kistari kidogo tu. Lakini wangeniuliza nilikuwa wapi, na mimi sikutaka kusema nilikuwa nyumbani na mama yangu tunasikiliza bati. Nikaandika sifuri.

– Sifuri na mvua inanyesha! – Breki akasema.

– Sifuri. Katikati ya msimu. Mhadhiri wa hali ya hewa akaiona. Akasema hii siku kavu ni ya ajabu, akaitafutia sababu, pepo za huko na huko. Miaka minane aliifundisha. Mimi ndiye niliyekuwa namfutia ubao.

Mtu angetegemea Profesa acheke. Hakucheka. Alisema tu, polepole:

– Viatu vyake nimevishona. Soli zilikuwa nzuri.

Dada alikuwa amekunja miguu yake juu ya ukingo wa benchi kama mtoto anayesikiliza hadithi. Saa ya kwenye kioo ilikuwa inakaribia saa tano na robo.

– Baba, – akasema, – usifikirie kompyuta. Wewe ukiikumbuka siku hiyo, kichwani mwako unaiitaje?

– Siku ya mama.

– Hivyo hivyo?

– Hivyo hivyo.

– Iandike.

Akaandika, herufi moja moja, na sisi wote tukamsindikiza kwa midomo bila sauti. Akabonyeza. Kioo kikawa cheupe, kikakaa kimya muda wa kumaliza funda la kahawa. Halafu jina lake likatokea juu, na chini yake faili zake, moja kwa kila mwaka.

Mama Birika akapiga kigelegele, walinzi wa getini wakatoka kuona kuna nini. Breki alimkumbatia Profesa, viatu vitatu vikaanguka. Milimita mwenyewe hakuinuka. Aliendelea kuangalia yale majina ya miaka huku akisogeza midomo, kama mtu anayeitwa na kuitika.

Dada akachomeka kijiti chake cha kuhifadhia, akanakili zote. Mistari elfu tisa na ushei. Tulitazama ule mkanda wa kijani ukijaa, na ulipofika mwisho akamwekea mzee kijiti mkononi, akamfunga vidole juu yake.

– Ni zako. Sasa hata wakizima.

– Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke.

– Kuna kingine?

Milimita akasita.

– Ile siku. Naweza kuiona?

Akamtajia mwaka na mwezi. Dada akakichomeka kijiti tena, akafungua, akashuka na mistari taratibu: kumi na mbili, thelathini na moja, nane, ishirini na nne, na katikati yake sifuri imekaa peke yake.

– Mwambie aitoe, – Mama Birika akasema. – Mjukuu asije akaisoma hivyo.

– Weka kistari chako, – nikasema mimi. – Haikupimwa.

Mzee akatikisa kichwa.

– Kistari maana yake sijui. Na mimi ile mvua naijua kuliko hizi zote. Hizi nilizisoma tu. Ile niliisikia kuanzia tone la kwanza.

– Basi iandikwe, – Profesa akasema. – Mvua ya mama haiwezi kuwa sifuri wala kistari.

– Iandikwe, – Breki akasema.

– Iandike, binti, – Milimita akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa.

Dada akaweka kidole, akaifuta ile sifuri. Pakabaki kisanduku cheupe, na kijimstari chembamba kinapepesa ndani yake. Akamgeukia mzee, vidole tayari juu ya namba.

– Niandike ngapi, baba?

Mzee Milimita akafungua mdomo. Akamtazama Profesa, Profesa akanitazama mimi, mimi nikamtazama Mama Birika, na Mama Birika akatazama juu, angani, mvua inakotoka.