Romano Wamboga, Aliyeuliza Ambulansi Iko Wapi

Ndugu wengi mliofika hapa Busano leo mnamjua Romano Wamboga kwa jambo moja tu, lile la mwaka 1974. Basi habari za maisha yake zitaanzia hapo, kisha zirudi nyuma alikozaliwa.

Ijumaa usiku, tarehe 20 Septemba 1974, mkewe Maximilla alikaa jikoni nyumbani kwao Mbale, taa ameipunguza utambi, akisikiliza barabara. Mchana ule mumewe alikuwa amesimama katika uwanja wa mpira, mbele ya waziri, akauliza swali. Baraza lilipovunjika, gari dogo lisilo na namba lilikuwa linamngoja karibu na lango. Akaingizwa, likaondoka. Kila gari lililopanda barabara usiku huo, Maximilla alisimama. Likipita, alikaa. Binti yake mkubwa, Namono, alimwambia, "Mama, lala kidogo. Baba akija atagonga." Maximilla akamjibu, "Siku hizi wanaogonga si wale wanaorudi." Kulikucha, na habari haikuja.

Romano alizaliwa hapa hapa mwezi wa Machi 1927. Wazazi wake hawakuandika siku. Padre aliyembatiza aliandika tarehe 14, naye Romano akaishika hiyo maisha yake yote, akisema kwamba jambo lililoandikwa na kushuhudiwa lina nguvu kuliko linalokumbukwa. Alisoma katika shule ya misheni ya Nyondo hadi darasa la nane. Mwaka 1946 alitahiriwa katika imbalu, tohara ya jadi yetu, akasimama bila kupepesa jicho. Siku hiyo hiyo, ua huo huo, alisimama pia Eriya Masaba. Wenyeji wanajua maana yake: watu waliomwaga damu siku moja ni zaidi ya ndugu, na mmoja akifa, kwa desturi ya ukoo wetu, mwenzake ndiye hutangulia kutia udongo na kusema neno la kwanza.

Mwaka 1949 alishuka Jinja, wakati bwawa la umeme linajengwa. Kazi ya bwawa ilipokwisha aliingia kiwanda cha nguo, na wenzake wakamchagua kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi. Huko ndiko alikojifunza kuuliza. Wengine walikuwa wakimkemea meneja. Romano alimwuliza kwa upole, akanyamaza, akamtazama mpaka jibu litoke.

Siku za soko alikuwa akipanda taxi kwenda Buwenge, akisema anakwenda kununua mahindi. Mahindi yalikuwepo Jinja. Huko Buwenge aliishi Mzee Otiende, dereva wa lori kutoka Kenya, na binti yake Maximilla aliuza mafuta ya taa. Walifunga ndoa kanisani Jinja, Jumamosi tarehe 5 Desemba 1953. Kwa kuwa yeye alikuwa Mgisu na mkewe amelelewa kwa Kijaluo, nyumbani walisema Kiswahili. Baadaye lugha hiyo ilipokuwa ya wenye bunduki, majirani wapya walishtuka kuisikia kwao, na Maximilla akajifunza kufunga dirisha kabla ya kumwita mumewe kula.

Katika uchaguzi wa 1962 Romano alipelekwa bungeni. Swali lake la kwanza lilihusu zahanati ya huku kwetu, iliyokuwa na ukuta mpya, rangi mpya na bendera, lakini haina maji. Waziri wa siku zile alijibu kwamba maji yako njiani. Romano akasimama tena na swali la nyongeza: "Mheshimiwa, ni njia gani hiyo? Maana mimi nimeipita jana na sikukutana nayo." Bunge zima lilicheka, na waziri mwenyewe akacheka. Kabla ya mwaka kwisha, mama wa huku mlimani walikuwa wanakinga maji bombani.

Jambo moja la bungeni alilipenda kuliko yote. Swali halikuulizwa ghafla. Mbunge aliliandika na kulipeleka mapema, ili waziri apate nafasi ya kutafuta majibu, na siku yake ikifika wote wawili wasimame wakiwa tayari. Romano aliona hiyo ni heshima. "Ukimwuliza mtu ghafla umemvizia," alisema. "Mpe taarifa. Akikosa jibu, basi amelikosa kwa haki."

Mwezi wa Januari 1971 jeshi lilichukua nchi, na muda mfupi baadaye Bunge likavunjwa. Romano alirudi Mbale akauza vitunguu sokoni. Hakuona aibu. Wanawake wa soko walikuwa wakimtania: "Mheshimiwa, kwa nini vitunguu vya serikali yako vinaliza watu?" Naye alijibu, amekaza uso kabisa, "Swali hilo linahitaji taarifa, mama. Njoo kesho." Kesho yake walikuja kweli, wakapewa jibu refu lenye vifungu vitatu, na wakanunua.

Mapema mwaka 1974 redio ilitangaza kwamba serikali imeinunulia zahanati ya huku ambulansi, kwa fedha ya wananchi. Watu waliiona siku moja, ikiwa na utepe kwenye boneti. Hawakuiona tena. Mwezi wa Agosti jirani yetu Topista alipoteza binti yake aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, pamoja na mtoto, wakiwa bado juu ya machela, vijana wakimteremsha mlimani. Topista alikwenda sokoni moja kwa moja, akasimama mbele ya vitunguu.

"Wamboga, sisi tulikutuma bungeni."

"Bunge halipo, dada."

"Wewe upo?"

Romano aliacha kupanga vitunguu. Kisha akasema kwamba yupo.

Wiki chache baadaye ilitangazwa kwamba waziri anakuja Mbale kufanya baraza, na kwamba wananchi wako huru kumwuliza lolote. Watu walimsihi Romano aseme kwamba ambulansi ile imeonekana inabeba bia. Alikataa. "Bia sikuiona mimi. Nitauliza tu gari liko wapi." Kisha akafanya kama alivyozoea. Aliliandika swali lake, akaweka sahihi, akampa Eriya Masaba, ambaye alikuwa karani katika ofisi ya wilaya, alipeleke kwa wakubwa ili waziri ajiandae.

Maximilla alikuwepo, kwa kuwa karatasi ilitolewa mezani kwake. Alisema, "Baba Namono, hawa si wale. Ukiwaambia utapita wapi, watakungoja hapo."

"Mke wangu, nikiwauliza ghafla watasema nimewavizia."

Eriya alicheka. "Shemeji, usiogope. Yeye atauliza, mimi nitafuata na la nyongeza. Wakiona wawili tumesimama, watajua ni watu, si mtu." Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akasukuma sahani aongezewe malewa, mboga yetu ya machipukizi ya mianzi.

Siku ya baraza Romano aliinua mkono, akaitwa. Alimsalimu waziri kwa heshima yake yote, akauliza ambulansi ya zahanati yetu iko wapi. Waziri, ambaye alikuwa mwanajeshi, alitabasamu.

"Mzee, hapa hapana bunge. Lakini swali yako ni mzuri. Nani mwingine anataka hii ambulansi? Simama, tuone nyinyi."

Romano aligeuka kumtazama Eriya, aliyekaa safu ya pili. Eriya aliinama kufunga kamba za viatu. Maximilla alikuwa upande wa akina mama na aliona vizuri: shemeji yake alikuwa amevaa makubadhi. Topista akaanza kuinuka, na Romano akamwashiria kwa mkono akae. Hivyo alibaki amesimama peke yake, mpaka waziri alipotoa ruhusa akae.

Asubuhi baada ya usiku ule wa kungoja, Maximilla alikwenda kwenye lango la kambi. Hapo alimkuta askari wa kaskazini aliyeitwa Odongo, mwenye rozari shingoni ndani ya shati. Alimnong'oneza: "Mama, bwana yako iko hai. Yeye anasema alileta hii swali mbele, kwa ofisi. Wakubwa wanasema hapana, alivizia waziri kwa kumuaibisha. Kama iko mtu ya ofisi anakuja kusema alipokea, mimi naona hii maneno inakwisha leo."

"Afande, huyo mtu yupo," Maximilla alisema, na furaha ikamkimbiza mpaka ofisi ya wilaya.

Eriya alitoka kwenye veranda, watu wamejaa kwenye benchi.

"Shemeji, asante Mungu. Njoo useme tu kwamba uliipokea."

"Mama Namono, mimi sikupokea kitu. Labda alimpa mtu mwingine."

"Uliipokea mezani kwangu, ukila malewa. Ukaomba uongezewe."

"Malewa nilikula," Eriya akasema. "Kitu kingine sikumbuki."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, wengine wakatazama chini. Maximilla aliteremka ngazi, na alipofika barabarani hakujua aelekee wapi.

Romano alihamishwa gerezani Jinja. Maximilla alikwenda kukaa Buwenge kwa kaka yake Odero, na kila wiki alipanda taxi na chakula. Askari wa lango walikipokea. Kama kilimfikia, hakuambiwa. Tarehe 17 Januari 1975 Romano aliachiwa, bila kesi, bila kuambiwa lolote. Alitembea akishika ukuta. Maximilla alimpita mara moja barabarani bila kumtambua, na ni jambo ambalo mumewe alimsamehe kwa mzaha, akisema, "Hata mimi nilipojiona kwenye kioo cha duka nilimsalimu yule mzee."

Tangu hapo kifua hakikupona, na figo zilimsumbua. Aliendelea kuuza vitunguu akiwa amekaa kwenye gunia. Mjini ilishasemwa kwamba aliyepatikana na makosa ni yeye, kwamba alimvizia mgeni. Hata baadhi ya watu wa ukoo walisema, "Angefuata utaratibu." Maneno hayo yalimwumiza kuliko kifua. Alipokutana na Eriya njiani alimsalimu, na Eriya akaitikia akiwa anaendelea kutembea.

Mwaka huu wa 1979 serikali ile ilipoanguka, Romano alimwita mkewe akamwambia jambo alilolificha miaka yote. Siku ya kwanza kambini, ofisa alilisoma swali lake neno kwa neno kutoka katika karatasi. Ilikuwa karatasi yake, yenye sahihi yake. Ilikuwa mikononi mwao siku tatu kabla ya baraza. Eriya aliipokea, na aliipeleka, ila kwa watu wa kambi, si kwa waziri.

"Na wewe umemsalimu miaka yote hii?" Maximilla akauliza.

"Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Sitaki afungwe. Sitaki kitu chake. Aseme tu mbele ya watu kwamba nilitoa taarifa, ili wanangu wasiambiwe baba yao alikuwa mviziaji."

Alimtumia Eriya salamu mara mbili kutoka kitandani. Mara zote mbili jibu lilikuwa kwamba atakuja akipata nafasi. Jumamosi tarehe 9 Juni 1979, alfajiri, nyumbani kwake Mbale, Romano alifariki mikononi mwa mkewe, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Ameacha mjane, Maximilla. Ameacha watoto watatu, Namono, Wepukhulu na Nafuna, wajukuu wanne, na shemeji yake Odero wa Buwenge. Ameacha pia Topista, ambaye si wa damu yetu, lakini amefua mashuka ya mgonjwa tangu Pasaka na amekataa kushukuriwa.

Jumapili, baada ya misa, Maximilla alikwenda nyumbani kwa Eriya Masaba, karibu na viwanda, kumpa habari ya msiba na kumwomba aje leo, kama desturi inavyomtaka. Redio ilikuwa inalia ndani. Alibisha. Mke wa Eriya alitokea dirishani.

"Dada, pole sana. Mzee amelala."

"Nasikia redio."

"Ni ya watoto."

"Watoto wenu si wako Nairobi?"

Dirisha likafungwa, na redio ikazimwa. Basi Maximilla aliusemesha mlango. Alisema, "Shemeji, Romano ametutoka. Kaburi linachimbwa Busano. Wale waliokutisha wamekimbia, na aliyebaki ni wewe na sisi. Njoo Jumanne utie udongo, useme kwamba uliipokea. Neno hilo tu, kisha tutakupa kiti na chakula kama siku zote."

Alisikia nyayo zikija polepole hadi upande wa pili wa ubao. Zilisimama. Alisikia mtu akipumua, karibu kiasi cha kuguswa, naye akasogea nyuma hatua moja ili ampishe atoke.

Kisha komeo likatiwa kwa ndani.

Udongo wa kwanza leo utatiwa na Namono. Romano amemaliza kuuliza. Apumzike.