Verna Pelkey na Kadi za Maktaba ya Corbury

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo, iwe mko zizini mnakamua au barabarani mmenasa kwenye matope haya ya Machi. Leo nawaletea habari za Verna Pelkey. Verna alitutoka Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Alikuwa mkutubi wa mji wetu wa Corbury kwa miaka arobaini na moja.

Nianze kwa kusema ukweli. Verna hakuwa mpole. Alikuwa na kauli kavu na macho yasiyopitwa na kitu. Ukichelewesha kitabu chake, alikukumbusha sokoni, kanisani, hata kwenye msiba wa mama yako. Mimi alinikumbusha msibani. Kitabu kilikuwa cha kupogoa miti ya tufaha, nami nilikirudisha siku iliyofuata.

Mkumbuke jambo hilo, wasikilizaji. Verna hakusahau kitu. Kwa watu wa Corbury, hilo lilikuwa na uhakika kama baridi ya Januari.

Sasa twende mwaka 2003. Sheria mpya ya kupambana na ugaidi ilikuwa imeshapita kule makao makuu ya nchi. Sheria ile iliwaruhusu maofisa wa serikali kumwendea mkutubi na kudai orodha ya vitabu alivyosoma mtu fulani. Mkutubi akishatoa, haruhusiwi kumwambia yeyote. Verna aliisoma sheria yote, ukurasa kwa ukurasa, miguu yake ikiwa kwenye beseni la maji moto. Alipomaliza alisema hadharani, pale dukani: "Mimi sitoi. Wanifunge."

Basi akapeleka hoja kwenye mkutano mkuu wa mji, ule wa Jumanne ya kwanza ya Machi. Hoja yake ilikuwa fupi. Mfanyakazi wa mji asitoe kumbukumbu za mwananchi bila hati ya jaji, hati ambayo mji unaweza kuipinga mahakamani. Na mfanyakazi akipata matatizo kwa kukataa, mji usimame naye. Hoja ikipita, Corbury yote iko nyuma yake. Ikishindwa, Verna yuko peke yake mbele ya serikali. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Viatu vya mvua vimepangwa mlangoni, maharage na nyama ya nguruwe vinachemka kule jikoni. Na aliyesimama wa kwanza kupinga alikuwa Dalton Pelkey. Naam, mdogo wake wa damu, aliyepigana vita kule Vietnam. Kila Jumapili walikula meza moja.

Mnajua utaratibu wetu. Mkutanoni husemezani na mtu. Unasema na msimamizi, na siku hiyo msimamizi alikuwa mzee Orrin Stannard.

"Bwana Msimamizi," Dalton akasema, "mwulize dada yangu, anaficha siri gani?"

"Bwana Msimamizi," Verna akajibu, "mwambie mdogo wangu kwamba mtu anachosoma ni chake."

"Bwana Msimamizi, chake?" Dalton akatoa kitabu cha kufuga nyuki chini ya koti. Akafungua nyuma, akachomoa kadi. "Hii ni kadi ya maktaba yake. Kila aliyeazima ameandika jina. Orrin Stannard, mwaka themanini na nane. Samahani, Bwana Msimamizi."

"Waliniuma sana," Orrin akasema, na ukumbi ukaangua kicheko.

Dalton akasoma majina kumi na manne. Kisha akasema, "Serikali haina haja ya kuja na sheria. Ije tu na miwani."

Wasikilizaji wapendwa, Verna aliiva uso kama nyanya. Alikuwa amepigania siri zetu majira yote ya baridi, na kumbe majina yetu yamekaa wazi nyuma ya kila kitabu, tangu enzi za babu zetu. Hakuwa ameliona. Na sisi pia hatukuwa tumeliona! Tulizoea kufungua nyuma kwanza, tuone nani alitutangulia, ndipo tusome kitabu.

"Bwana Msimamizi," akasema polepole, "mdogo wangu amenipata. Nimekosea. Kadi hizo zitaondoka. Lakini majirani wakijua nasoma nini, na mimi najua wanasoma nini. Huyo ofisa yeye anasoma nini? Nani ataniambia?"

Hapo sauti ikatoka nyuma, ya mtu mwenye njaa ya chakula cha mchana na ya umbea. "Verna! Na Dalton je? Yeye ameazima nini? Tuambie!"

Watu wakapiga makofi. "Mtaje! Mtaje na yeye!"

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jiko, nikamwona Dalton vizuri. Kicheko kilimfutika usoni. Alimtazama dada yake, na mikono yake ikaanza kukunja na kukunjua ile kadi. Neno moja tu lingetosha kumkalisha.

Verna akamgeukia Orrin. Kisha akasema, "Bwana Msimamizi, sikumbuki."

Verna Pelkey, hakumbuki! Hakuna aliyeuliza tena.

Kura ikapigwa kwa sauti. Wa ndiyo wakapaza sauti, wa hapana wakapaza sauti, na Orrin akakuna kichwa, hawezi kupambanua. Naungama leo hii, mimi sikutoa sauti upande wowote. Niliogopa. Orrin akasema, "Wanaokubali, wasimame."

Wa kwanza kusimama alikuwa Dalton. Nikaona haya, nami nikasimama. Hoja ikapita, mia moja kumi na nne kwa tisini na saba.

Binti wa Dalton, Corinne, ananiambia hivi: "Shangazi alinipa mkasi wiki hiyo hiyo. Tulikata kadi mpaka vidole vikavimba. Tulizitumia kuwashia jiko la maktaba mwezi mzima."

Je, maofisa walikuja? Nilimwuliza Verna miaka mingi baadaye. Akasema, "Hata wangekuja, sheria inanikataza kukuambia. Kunywa kahawa yako."

Jumamosi nilimtembelea Dalton. Ana miaka sabini na tisa. Nilimwuliza kwa nini alisimama siku ile. Akaniambia, na akataka niwaambie ninyi pia.

"Mwaka themanini na moja nilikuwa silali. Nilikuwa nalia ghalani, ng'ombe wananitazama. Dada alikuwa na kitabu cha wanaume waliorudi kutoka vitani wakiwa hivyo. Nilikichukua. Hakunipa kalamu. Alisema, 'Nenda nacho, Dalt. Sijakuona hapa.' Hakulitaja tena. Hata kwangu mimi. Hata siku ile nilipomwaibisha mbele ya mji mzima."

Akapangusa macho, kisha akacheka. "Kitabu bado ninacho. Ndicho pekee ambacho hakuwahi kunidai."

Dalton, Corinne, na ukoo wote wa Pelkey, poleni sana. Tunalia nanyi, na tunafurahi nanyi, kwa kuwa mliishi naye miaka yote hiyo. Mazishi ni kesho saa nne asubuhi, na chakula ukumbini baadaye.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkikaa mezani leo, fikirini jambo moja mnalolijua kuhusu jirani, jambo ambalo yeye hajataka lijulikane. Mtu akija kuuliza, hata awe na kitambulisho kifuani, msikumbuke.