Risala ya Chama cha Sayansi kwa Daktari Ambaye Visahani Vyake Tuliviosha

Mgeni rasmi wetu Daktari wa ukungu, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi, na wewe mwalimu wetu wa kemia uliyekaa nyuma ya nguzo ukidhani hatukuoni: tunawasalimu kwa heshima zote.

Karibu

Sisi wanachama thelathini na mmoja wa Chama cha Sayansi, kidato cha tatu, tumefurahi umekuja, Daktari. Tusiseme uongo, kwanza tuliogopa. Ulipopiga simu kusema ungependa kuwaona wale watoto waliosugua, wawili wetu waliomba ruhusa ya kwenda nyumbani hapo hapo. Lakini umeshuka garini ukicheka, na roho zetu zimerudi mahali pake.

Tulikotoka

Maabara yetu zamani ilikuwa stoo ya madawati mabovu. Ina bomba moja, hadubini moja na mirija ya majaribio ishirini na miwili kwa shule nzima. Kwa hiyo mwalimu wetu ana sheria moja: hatoki mtu maabara ikiwa kuna chombo kichafu, hata kama hakukichafua yeye. Msimamizi wa sheria hiyo ni kiongozi wetu, binti tunayemwita Bi Sabuni. Ukigeuka kidogo tu, kikombe chako kimeshaoshwa, na chai ulikuwa hujamaliza.

Siku yenyewe

Chuoni kwenu tuliona mkono wa mashine ukiokota yai bila kulivunja. Tuliona mashine inayochapa, si karatasi, bali kikombe kizima chenye mshikio. Tuliangalia tone la maji ya dimbwi kwa hadubini, na mmoja wetu akaapa kwamba hatakunywa maji tena maishani. Kisha fundi wa maabara akatuingiza chumbani kwako, akatuambia tusubiri akatafute ufunguo wa chumba cha pili.

Mezani kulikuwa na visahani ishirini na vinne vya kioo, kila kimoja kimeota manyoya ya kijani na meusi. Tulitazamana. Mmoja akanong'ona, "Jamani, wakubwa hawa hawaoshi vyombo?" Bi Sabuni akakunja mikono ya sweta, akafungua bomba. Sisi tukajipanga: wa kusugua, wa kusuuza, wa kufuta.

Fundi aliporudi, visahani vilikuwa vimelazwa kifudifudi juu ya kitambaa, vinang'aa. Akauliza, "Nani amefanya hivi?" Tukanyoosha mikono sote thelathini na mmoja, tukisubiri kusifiwa. Fundi akakaa sakafuni na koti lake jeupe.

Ndipo tukaambiwa kwamba ukungu ule ulikuwa umeoteshwa kwa miezi minane ili ijulikane kwa nini mahindi yanaoza ghalani. Ulipofika wewe, Daktari, hukupaza sauti. Uliuliza tu, "Mmetumia maji ya moto?" Bi Sabuni akajibu, "Shikamoo. Ndiyo, na sabuni." Ukauliza nani alianza. Akasema, "Ni mimi." Sisi wengine tukaangalia viatu vyetu.

Kushusha pumzi

Mwalimu wetu aliandika barua chuoni kusema kosa ni lake. Ziara za shule zote zikasimamishwa. Siku kumi na tisa tulikaa roho mkononi. Kidato cha pili, ambao zamu yao ilikuwa inafuata, hawakutusemesha hata kwenye foleni ya chakula. Mwalimu alifundisha kama kawaida, ila aliandika ubaoni kwa herufi ndogo ndogo.

Siku ya ishirini Mwalimu Mkuu akatukusanya uwanjani, akasoma ujumbe wako: kwamba ukungu ule ule ulikuwa umehifadhiwa kwenye jokofu la jengo jingine, kwamba kazi yako imerudi nyuma wiki tatu tu, kwamba mwalimu haadhibiwi, na ziara zinaendelea. Tulishangilia mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Mwalimu wa kemia alivua miwani akaifuta, kisha akaifuta tena.

Mafanikio

Sasa tuna ukungu wetu wenyewe, wa mkate. Uko dirishani, na kando yake tumebandika karatasi: HUU SI UCHAFU. Tunaupima kwa rula kila asubuhi. Kidato cha pili nao walikuja kwenu wiki iliyopita, na tumesikia walifunga mikono nyuma tangu getini.

Changamoto

Bomba letu linavuja, na hadubini imepoteza kioo kimoja. Hayo tumeyazoea. Changamoto kubwa ni kwamba kiongozi wetu hajaingia maabara tangu siku ile. Kila siku ya kemia anaumwa kichwa. Hukaa nje kwenye ngazi, halafu ananakili madaftari yetu. Msomaji wa risala hii aliomba sentensi hizi zifutwe. Tulipiga kura, zikabaki.

Ombi

Mgeni rasmi, ukurasa huu msomaji hajauona. Tumeuongeza asubuhi hii, baada ya mazoezi kwisha. Usiruke, dada, endelea kusoma.

Anayekusomea ndiye Bi Sabuni. Fundi alipouliza, mikono ilikuwa thelathini na mmoja. Ulipouliza wewe, Daktari, ilibaki sauti moja, na sisi tukanyamaza. Tunamwomba radhi hapa hapa, mbele yako na mbele ya wazazi wake.

Hatuombi bomba wala hadubini. Leo utakagua maabara yetu, na tunaomba uingie naye. Mwambie kwa mdomo wako kwamba ukungu ule uko hai. Sisi tumemwambia kila siku, lakini yeye hatuamini. Pengine wewe atakuamini.

Mungu akupe afya wewe, fundi wako, na kazi yako iliyo jokofuni. Vikombe vya chai ya leo tutaviosha sisi. Vingine vyote tutauliza kwanza.

Dada, ufunguo wa maabara tumeubandika nyuma ya karatasi hii. Tangulia, ufungue wewe.

Ni sisi, Chama cha Sayansi, kidato cha tatu: wanachama thelathini na mmoja, nawe ukiwemo.