Mkono wa Kulia wa Mzee Kou Baolin

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza Mzee Kou Baolin, familia inaomba mketi mlio na viti, msikilize kwa kifupi alikotoka na alivyoondoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika kijiji cha milimani wilayani Laishui, mkoa wa Hebei, akiwa wa tatu kati ya watoto watano wa Bwana Kou Decai. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1953 hadi 1959, kisha sekondari ya chini Laishui mjini, ambako alikwenda kila wiki kwa miguu akibeba mikate ya mahindi ya siku sita, ambayo katika miaka ile ya njaa iliisha siku ya nne, akamaliza mwaka 1962.

Tarehe 4 Mei 1964 aliajiriwa Beijing katika kiwanda cha vipuri vya mashine, akajifunza ufundi wa kerezo, mashine ya kuchonga chuma, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka arobaini na miwili bila kukatwa kidole, jambo ambalo wenzake walilitaja kila mara walipomsifu. Alistaafu tarehe 31 Machi 2006.

Tarehe 1 Oktoba 1974 alifunga ndoa na Bi Lian Shuzhen, mshonaji wa kiwanda cha nguo, wakajaliwa watoto wawili, Yanling aliyezaliwa 1976, na Jianfeng aliyezaliwa 1979, ambaye sasa anafanya kazi Shenzhen.

Baada ya kustaafu alikaa nyumbani akifungua na kufunga madroo, hadi mkewe akamwambia, "Wewe mzee, tafuta kitu cha kushika kabla sijakupa ufagio." Jirani yake Mzee Mu Changshun, kinyozi mstaafu, ndiye aliyemwingiza katika mchezo wa wazee wa kuzungusha kiganjani kokwa mbili za mti wa jozi, zile za ganda nene zisizoliwa. Septemba 2007, msimu wa mavuno, alirudi Laishui akanunua kokwa zikiwa bado ndani ya maganda mabichi, ambapo mnunuzi hajui anachonunua mpaka amenye, akamenya siku mbili, viganja vikawa vyeusi kwa utomvu, hadi akapata mbili zilizofanana kwa tumbo, kwa mifereji na kwa kipimo. Kwa miaka kumi alizizungusha katika mkono wa kulia, bila mafuta wala maji, kwa jasho la kiganja na brashi ndogo, zikageuka kutoka weupe wa mbao hadi wekundu wa tende.

Alikuwa miongoni mwa wanaozungusha kokwa bila kuziacha zigusane. Mzee Mu yeye alizigonganisha zake uani kutwa, na marehemu alikuwa akimuuliza, "Changshun, hizo ni kokwa au kwato za punda?" naye akijibiwa, "Punda wangu ameshafika sokoni, Kaka Kou, wako bado anavua viatu."

Tarehe 11 Oktoba 2017 asubuhi alianguka uani kwa kiharusi, akapoteza usemi na upande wote wa kulia. Madaktari walisema kama mkono utarudi, utarudi ndani ya miezi sita ya kwanza, na kwamba uzoeshwe kila siku, basi familia ikaweka tumaini lake lote katika mkono huo. Yanling, akitoka zamu yake dukani, alimwekea kokwa kiganjani, akafumbata vidole vya baba yake ndani ya vyake, akazizungusha mara mia mbili kila siku. Marehemu alikunja uso, akafumba macho, akaguna, na Yanling akafurahi, kwa sababu aliyaona hayo kuwa ni maumivu, na mkono wenye maumivu ni mkono ulio hai. Alimpigia mdogo wake simu akamwambia, "Unaamka, jana ametoa machozi." Daktari naye, kwa maelezo ya Yanling, aliandika dawa ya kutuliza maumivu.

Tarehe 14 Januari 2018 Mzee Mu alikuja na machungwa, akasimama mlangoni akisikiliza.

"Yanling, acha kwanza. Unazigonganisha."

"Mzee Mu, anahisi mkono. Mwangalie uso."

"Mkono hauhisi kitu, mwanangu. Ni masikio. Miaka kumi hajazigonganisha hata mara moja, wewe unamgongea mia mbili kwa siku."

Alizichukua, akazizungusha kimya katika kiganja kile kile, na uso wa marehemu ukatulia. Kisha Mzee Mu akambana kidole cha mwisho kwa kucha zake, kwa nguvu, na marehemu akaendelea kutazama dirisha. Wiki hiyo daktari alipima akathibitisha kwamba mkono hauhisi kitu.

Kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya, Yanling alimwomba Mzee Mu amfundishe kuzungusha bila kugusanisha, akajifunza kwa wiki saba, akaendelea na mkono ule kila siku kwa muda wa mwaka mmoja. Familia imeulizwa mara nyingi kama ulipata nafuu. Haukupata.

Tarehe 20 Februari 2019 alipatwa na kiharusi cha pili, akafariki tarehe 27 saa tisa alasiri, akiwa amebakiza siku kumi kutimiza miaka sabini na mitatu. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, majirani waliopika na kufua, mafundi wenzake waliokuja kumgeuza kitandani, na Mzee Mu, aliyesema ukweli siku ambayo hakuna aliyetaka kuusikia, kisha akarudi kufundisha.

Baba, tulifanya tulichojua, na hakikutosha. Pumzika kwa utulivu.